Nani Kipimo cha Nani? Mtu na Nyika katika Picha za Njia ya Misafara ya Tabora

Utangulizi

Makala haya yanahusu picha. Najua wapo watakaouliza: tangu lini picha ikawa fasihi? Katika semina moja mwenzangu alinirushia dongo kwamba mwanafunzi wa fasihi anayeziacha riwaya na kukimbilia picha ni sawa na mtu aliyealikwa pilau, akanawa mikono, akaondoka. Dongo nimelipokea. Hata hivyo naomba nisikilizwe kwanza, maana yale tunayoyachambua katika riwaya, yaani msimulizi, mhusika, mandhari na mtazamo, yote yamo ndani ya picha moja ya mtu aliyesimama porini. Tatizo ni kwamba mbele ya picha hatuna mazoea ya kuuliza nani anasimulia. Tunasema "picha nzuri hiyo", tunampa jirani naye aangalie, basi.

Neno mandhari lenyewe linatosha kutuanzishia mjadala. Sisi wahakiki tunalitumia kwa maana ya mahali na wakati kisa kinapotendeka. Mpiga picha analitumia kwa maana ya milima, miti na anga. Kwetu mandhari ipo kwa ajili ya mhusika: inamlea, inambana, inamweleza. Kwa mpiga picha wa nyika mara nyingi mambo yamepinduka, mhusika ndiye yupo kwa ajili ya mandhari. Anawekwa pale ili mlima uonekane mrefu.

Hoja yangu ni hii. Somo ambalo kila anayeanza kupiga picha hufundishwa, kwamba "weka mtu ili ukubwa wa mahali uonekane", lina historia, na katika nchi ya Tabora historia hiyo imepita barabarani kwa miguu, ikiwa na mzigo begani. Nitajaribu pia kuonyesha kuwa dawa yake si rahisi kama nilivyodhani mwanzoni.

Somo la kwanza chini ya mwembe

Likizo iliyopita nilikuwa Tabora kwa ndugu zangu. Baba mdogo ni mpiga picha wa harusi na mahafali, akaniazima kamera yake moja ya zamani ya dijitali. Mafunzo yalikuwa mafupi. "Sikiliza mwanangu," alisema, "jua liwe mgongoni mwako. Mtu usimweke katikati, msogeze pembeni kidogo. Na ukipiga pori tupu picha inakufa. Weka mtu, picha ipate uhai." Masomo matatu, nikaondoka nimejaa.

Nikaenda na bibi upande wa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ambako kuna tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa limejengwa upya na kufanywa makumbusho. Njiani kuna miembe mikubwa. Miembe ni alama ya njia ya misafara. Ukiikuta imejipanga katika nchi hii ya miyombo, ujue kuna watu walipita, wakala, wakatupa kokwa, au wakapanda makusudi ili wapate kivuli. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Miyombo ilikuwa imeanza kutoa yale majani yake machanga mekundu yanayotangulia mvua, na anga lilikuwa jeupe kwa moshi wa mioto ya mashambani. Nilipagawa. Nikamwomba bibi aende akasimame chini ya mwembe, hatua kama 60 kutoka nilipo, ili ukubwa wa mti uonekane. Akaenda, akasimama wima na khanga yake. Saa ilikuwa saba mchana.

Nyumbani nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Aliiangalia kwa muda.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi? Mimi naona mwembe mzuri na kisiki."

Watu walicheka sana, nami nikacheka. Lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimemtembeza mama wa watu juani hatua 60 kwenda na 60 kurudi, nikamgeuza kisiki. Na kibaya zaidi, picha ile kwa vigezo vyote nilivyofundishwa ilikuwa nzuri. Mti ulijaa fremu, mtu alikuwa pembeni, jua lilikuwa nyuma yangu kidogo. Yaani fani ilikuwa imetimia, na bibi hayumo.

Fani ya kamera na itikadi yake

Tumefundishwa kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Hebu tuitumie kauli hiyo hapa, tuone kama inafanya kazi.

Kwa nini bibi alitoka mweusi tii, bila macho wala mdomo? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Anga jeupe la mchana wa Tabora lina mwanga mwingi mno. Kamera ikiliona hupunguza mwanga wa picha yote ili anga lisiungue. Aliyesimama kivulini chini ya mwembe ndiye analipia gharama. Uso wake unazama ili mawingu yasalimike. Hakuna mtu aliyekusudia hivyo, lakini uamuzi umefanyika: kati ya anga na uso, anga limepewa haki.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Katika zama za filamu za rangi, maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na wafanyakazi waliziita kadi hizo kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa rangi sahihi ya mtu. Ngozi nyeusi ikipigwa pamoja na nyeupe ilipoteza maungo, yakabaki meno na macho. Kamera za siku hizi zimeboreshwa mno, hilo nakubali. Lakini zile kanuni ndogondogo, "jua liwe mgongoni", "linda anga", bado zinatembea kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi kana kwamba zilishuka mbinguni.

Nilipomweleza baba mdogo alinifundisha upya, safari hii kwa kumwangalia mtu. Kwanza, subiri saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala na mwanga umekuwa laini. Kama huwezi kusubiri, mweke mtu ukingoni mwa kivuli, uso wake uelekee palipo wazi, ili mwanga wa ardhi nyekundu umrudie usoni kutoka chini. Sogea karibu, pima mwanga usoni pake, ufunge hapo, halafu ndipo urudi nyuma upige. Anga likiungua, na liungue. "Harusini," alisema, "hakuna bibi harusi aliyewahi kunilalamikia kwamba mawingu hayakutoka vizuri."

Maneno hayo yanafaa kuwa msingi wa uhakiki. Kila picha ya mtu katika mandhari imeamua nini kiungue na nini kisalimike, na kazi ya mhakiki ni kuuliza uamuzi huo ulifanywa kwa faida ya nani.

Wapagazi kama vipimo

Sasa twende kwenye njia yenyewe. Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kazeh, ilikuwa njiapanda ya misafara iliyotoka pwani: njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika hapo Novemba, miezi mitano hivi kwa miguu. Speke alirudi na Grant, wakafika Januari 1861. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Juni.

Hapa kuna kisa kidogo ambacho mpiga picha yeyote anayeanza atakipenda. Grant alikuja na kamera. Alipiga picha Unguja mwaka 1860 na akaanza safari ya bara akiwa nayo. Enzi hizo kupiga picha kulihitaji hema dogo la giza, vioo na dawa, na vyote vilihitaji mabega ya kuvibeba. Speke anaeleza katika kitabu chake kwamba aliirudisha kamera pwani wakiwa bado njiani, kwa sababu aliona joto la ndani ya kile kihema lingemuua mwenzake. Kwa hiyo msafara ulifika Tabora bila kamera, na Grant akabaki na rangi na karatasi, akichora kwa mkono.

Hata kama kamera ingefika, wasomaji wa London wasingeona picha yenyewe. Vitabu vya miaka ile havikuwa na njia rahisi ya kuchapa picha ya kamera pamoja na maneno. Mchoro ulichongwa kwenye ubao na fundi ambaye hakuwahi kuiona Unyanyembe. Fundi huyo alikuwa na mazoea yake. Wachoraji wa mandhari wa Ulaya kwa karne nyingi walitupia watu wadogo ndani ya michoro yao, mchungaji hapa, mwenye punda pale, ili mlima upate kimo na bonde lipate uhai. Ni somo la baba mdogo lilelile. Mazoea hayo yakaingia kwenye vitabu vya safari, na mpagazi akachukua nafasi ya mchungaji.

Nikizitazama picha za namna hiyo namwona mtu akifanya kazi tatu. Kwanza ni kipimo: mti una urefu wa watu kumi. Pili ni ushahidi: hapa ni Afrika, tazama mkuki na mzigo. Tatu ni pambo: fremu isibaki tupu. Kazi ambayo hapewi ni ya kuwa mhusika. Hana jina, hana uso, na mara nyingi hana hata uchovu.

Linganisha na mchoro maarufu wa Mjerumani Caspar David Friedrich, wa mwaka 1818 hivi, wa bwana aliyesimama juu ya mwamba ametupa mgongo, anatazama ukungu. Naye haonyeshi uso. Lakini amewekwa katikati, mandhari yote inaonekana kwa macho yake, na mtazamaji anaalikwa asimame katika viatu vyake. Mgongo wa bwana yule ni mgongo wa mtu anayefikiri. Mgongo wa mpagazi katika kitabu cha safari ni mahali pa kuwekea mzigo. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba tatizo ni uso kutoonekana. Migongo miwili inaweza kufanana kwa fani ikatofautiana kabisa kwa maudhui.

Na mzigo haukuwa mchezo. Kipimo cha kawaida kilikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mbali na chakula, mkeka na sufuria yake mwenyewe. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha kwamba Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo hii walikuwa wafanyakazi wa ujira, mabingwa wa kazi yao, wenye desturi na heshima zao za barabarani, na ambao waliweza kugoma au kuuacha msafara mambo yakiharibika. Huyo ni mtu mwenye uamuzi. Ukimfanya kijiti cha kupimia mwembe umefuta historia yote hiyo kwa mstari mmoja wa penseli.

Kalulu ndani ya studio

Kuna mtoto mmoja wa njia hii ambaye picha yake ilisambaa duniani. Mwaka 1871, Stanley akiwa Unyanyembe, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto mtumwa kama zawadi. Mtoto alikuwa akiitwa Ndugu M'hali, kama Stanley alivyoliandika jina hilo. Stanley hakulipenda, akawataka watu wake wapendekeze jingine, ndipo mtoto akaitwa Kalulu. Alimchukua hadi Uingereza na Marekani. Mwaka 1872, katika studio ya picha London, Stanley akavaa nguo zake za safari, akashika bunduki, na Kalulu akasimamishwa pamoja naye. Picha hizo ziliuzwa zikiwa kadi ndogo, watu wakaziweka kwenye albamu sebuleni.

Msomaji, hebu tuichambue kama tunavyochambua tamthilia. Mandhari inayodaiwa ni nyika ya Tabora. Mandhari halisi ni chumba cha London. Stanley anaigiza nafsi yake, ana jukumu, ana vazi, ana bunduki. Kalulu anaigiza Afrika. Katika mchoro wa porini mpagazi alikuwa kipimo cha mti. Hapa mti haupo, na mtoto amekuwa kipimo cha Stanley: mtu mzima anaonekana mrefu zaidi, jasiri zaidi na mwenye mamlaka zaidi kwa sababu mtoto yupo kando yake. Ndiyo maana nasema mandhari si miti peke yake. Kwa Stanley, Kalulu alikuwa mandhari.

Mwisho wake tunaujua. Alihudhuria mazishi ya Livingstone Aprili 1874, akasomeshwa kidogo Uingereza, akarudi na Stanley katika msafara uliofuata, na Machi 1877 mtumbwi wake ukachukuliwa na maporomoko ya mto Kongo. Stanley akayaita maporomoko hayo kwa jina la Kalulu. Kwa maneno mengine, mtoto aliyekuwa mandhari akiwa hai aligeuzwa mandhari hasa baada ya kufa, na jina lililobaki kwenye maji ni lile alilobandikwa.

Tippu Tip asiyetazama miti

Hapo mwenzangu wa semina atasema: hao ni Wazungu, tuwaache na mambo yao, sisi wenyewe tuliisimuliaje njia hii? Swali zuri, na kwa bahati tunayo maandishi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora na kuoa katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa upya na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mtu anayetafuta mandhari humo atatoka mikono mitupu. Tippu Tip alivuka nchi hii mara nyingi kuliko wasafiri wengi wa Ulaya, lakini hasimami kukueleza machweo. Anasimulia nani alimkopesha, nani alimdai, mtemi gani alisema nini naye akajibu nini, pembe zilikuwa frasila ngapi. Nchi kwake imejaa watu wenye majina na madeni. Mara ya kwanza nilifurahi sana, nikasema nimepata jibu: Mzungu ana mandhari bila majina, sisi tuna majina bila mandhari!

Nilikuwa nimefurahi mapema. Soma tena uangalie ni majina ya nani. Ni ya matajiri, ya watemi, ya jamaa, ya wapinzani. Wale waliobeba pembe, na wale waliotembezwa hadi pwani wakauzwa, wengi wao wanapita kwa idadi tu. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu, tusione haya kulisema. Katika mchoro wa London mpagazi ni kipimo cha mti. Katika tawasifu hii ni kipimo cha mali. Lugha ni yetu, msimulizi ni wetu, lakini mtu wa chini bado ni tarakimu. Kwa hiyo tusijifariji kwamba kubadilisha anayeshika kamera, au kalamu, kunatosha.

Kwa nini wazee walipenda studio

Jambo jingine lilinitatiza. Nikifungua albamu za familia yetu, nyika haimo. Wapo watu wamesimama studioni, mbele ya pazia lililochorwa, wamevaa saa, mkono begani mwa rafiki. Nchi nzima ya miyombo iko nje ya mlango, wao wamelipa pesa wapigwe mbele ya maua ya rangi ya mafuta. Na si Tabora peke yake. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya meli, ndege na majumba, na msafiri aliyeshuka feri alijichagulia aruke au asafiri.

Sisi wasomi tuna haraka ya kuziita picha hizo kasumba: mtu kaikana nchi yake akakumbatia ndege ya kuchorwa. Mimi sikubaliani. Studioni mtu alijichagulia mandhari, alijichagulia nguo, alisimama karibu, uso ukapata mwanga. Pazia lilikuwa mtumishi wake. Ukikumbuka kwamba katika picha za porini mtu kama yeye alikuwa kijiti cha kupimia, utaelewa kwa nini alipopata shilingi zake aliingia ndani. Huenda hakuwa na neno lolote na nyika. Alichotaka ni kuonekana.

Hapo nikafikia uamuzi wa kitoto: basi, kuanzia leo nitapiga nyuso tu, kwa karibu, nyika ikae kando. Bibi ndiye aliyenitoa huko.

Picha ya mwisho

Siku mbili kabla sijaondoka bibi aliniita. "Chukua hiyo kamera yako twende shambani." Tukaenda jioni. Nikajiandaa kwa masomo mapya: kivuli, uso, mwanga. Akanipita, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa shamba, kwenye mninga mkubwa, akageuka akanipungia.

"Nipige hapa!"

Nikapaza sauti: "Bibi, utatoka mdogo sana! Njoo huku karibu!"

"Kwani nimekwambia unipige sura? Shamba ndilo kubwa. Rudi nyuma zaidi lionekane lote."

Mninga ule ni mpaka. Tangu babu afariki jirani amekuwa akisogeza matuta ya tumbaku kila msimu, hatua mbili, hatua tatu. Bibi alitaka picha inayoonyesha shamba lote na yeye mwenyewe amesimama pale linapoishia, wajukuu wakiuliza siku moja waone. Nikarudi nyuma. Nikampima mwanga usoni kwanza, kama nilivyofundishwa, kisha nikapiga. Mtu katika picha hiyo ni mdogo kuliko katika ile ya mwembe. Ukiitazama haraka ni picha ileile ya vitabu vya safari: ardhi kubwa, anga kubwa, na mtu kama kijiti.

Lakini hapa kijiti kimejisimika chenyewe. Ametumia mwili wake kupima nchi, tena kwa sababu anazozijua, na mimi mwenye kamera ndiye niliyetumwa kurudi nyuma. Kwa lugha yetu ya uhakiki, msimulizi amebadilika ingawa fani haijabadilika sana. Kwa hiyo udogo wa mtu katika mandhari si dhambi yenyewe, na ukaribu si wokovu. Linalopaswa kuulizwa ni nani aliyechagua mahali pa kusimama, na anasimama pale kwa ajili ya nini.

Sitaki kuipamba picha hiyo kuliko ilivyo. Inathibitisha kwamba bibi alisimama chini ya mninga jioni fulani. Haithibitishi kwamba mpaka uko hapo. Jirani naye anaweza kusimama palepale, akapigwa, na picha yake itakuwa nzuri vilevile. Shauri liko kwenye baraza la ardhi la kijiji, na mpaka ninapoandika halijaisha. Anayedhani kwamba kumpiga mtu vizuri ni sawa na kumtendea haki atafute shughuli nyingine.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kanuni ndogo ya anayeanza kupiga picha inabeba mtazamo, na kwamba mtazamo huo katika njia ya Tabora una ukoo: michoro ya vitabu vya safari, kadi ya Kalulu, hata tawasifu tunayojivunia kwa Kiswahili. Nimeonyesha pia kwamba studio za kwetu zilikuwa jibu la aina yake. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, Kwihara ikiwa mojawapo ya vituo. Watalii na wanafunzi wenye kamera wataendelea kwenda, na kila mmoja atamwomba mtu fulani akasimame chini ya mwembe. Si vibaya kuomba. Ila kabla ya kumpeleka hatua 60, mtu amuulize mwenyewe angependa kusimama wapi.

Kwa mwenzangu wa semina: riwaya sijaiacha, nitarudi. Lakini nitakaporudi nitasoma kwa wasiwasi zaidi kila mahali mwandishi anaposema "kwa mbali alionekana mtu".

La mwisho. Mhariri aliniomba picha ya bibi iende na makala haya. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Akauliza gazeti lenyewe ni la nini, nikamweleza. Akasema, "Picha ile ni ya shamba, siyo ya gazeti. Na jina langu pia liache hukohuko nyumbani." Kwa hiyo makala yanatoka bila picha na bila jina lake.